Nani Alijitakia?

Tulipotoka kumzika ami yangu mwaka 2017, wanaume tulikaa barazani kwake kusubiri kahawa. Kama ilivyo ada ya matanga, marehemu alikuwa akisifiwa: ukarimu wake, utani wake, jinsi alivyoweza kujua samaki amelala siku ngapi kwa kumtazama jicho tu. Kisha mzee mmoja wa mtaani, aliyecheza naye bao kwa zaidi ya miaka thelathini, akashusha pumzi. "Lakini maskini," akasema, "alijitakia." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akamalizia, "Sigara ile."

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mimi mwenyewe nilinyamaza, nikapokea kikombe changu, nikanywa. Lakini neno lile niliondoka nalo, na sijaweza kulitua mpaka leo.

Ami alikufa kwa saratani ya koo. Miezi yake ya mwisho hakuwa na sauti. Mtu aliyezoea kuitana na wenzake kutoka ng'ambo ya barabara alikuwa akiandika shida zake kwa penseli kwenye daftari la mjukuu. Alianza kuvuta mwaka 1967, akiwa darasa la saba, kwa kununua sigara moja moja na kuipokezana na wenzake nyuma ya ukuta wa shule. Pakiti ya siku hizo haikuwa na neno hata moja la onyo. Mtoto wa miaka kumi na minne alijitakia nini hasa?

Nimeandika makala haya kubishana na neno hilo. Sitaki tubishane barazani, kwa sababu barazani tumeshashindwa. Nataka tubishane mahali ambapo mtu hulazimishwa kutoa karatasi zake na kujibu maswali chini ya kiapo. Nasema hivi: serikali zetu ziwafikishe watengenezaji wa sigara mahakamani na kuwadai gharama za magonjwa waliyotuuzia. Na serikali zisipofanya hivyo, sisi raia tuwashtaki wote wawili.

Tuanze na kilichojulikana na lini. Mwaka 1963, miaka minne kabla ami hajawasha sigara yake ya kwanza, wakili mkuu wa Brown & Williamson aliandika waraka wa ndani. Hiyo ilikuwa kampuni ya sigara ya Marekani iliyomilikiwa na British American Tobacco, yaani BAT. Katika waraka huo alikiri kwamba biashara yao ni kuuza nikotini, na kwamba nikotini ni dawa ya kulevya inayomfunga mtu. Waraka ukawekwa kabatini. Miaka 31 ikapita. Mwezi wa Aprili 1994, wakuu saba wa makampuni ya sigara, yule wa Brown & Williamson akiwemo, walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakainua mikono kula kiapo, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba wao hawaamini kuwa nikotini inamfunga mtu.

Wakili alijua. Kijana wa nyuma ya ukuta wa shule hakujua. Anayejua akimuuzia asiyejua, kisha akaapa kwamba hakuna cha kujua, yupi kati yao alijitakia?

Sasa tujiulize sisi tumeyajuaje haya. Si kwa hiari yao. Waraka ule na maelfu ya mingine ulitolewa kwa siri na karani wa kampuni ya mawakili, aliyekuwa amepewa kazi ya kupanga makabrasha ya Brown & Williamson kwa ajili ya kujikinga na kesi. Hofu ya kesi ndiyo iliyofanya makaratasi hayo yakusanywe mahali pamoja. Na kilichofuata baadaye, yaani mamilioni ya kurasa ambazo leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma, kilitokana na kesi zenyewe.

Haikuwa rahisi, na sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Kwa miaka arobaini wavutaji wa Marekani waliwashtaki watengenezaji, na kwa miaka arobaini wakashindwa. Rose Cipollone wa New Jersey alifungua kesi mwaka 1983 akiwa na saratani ya mapafu, akafariki 1984. Mwaka 1988 baraza la mahakama likampa mumewe dola 400,000. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni ya sigara kuamriwa kulipa fidia ya namna hiyo. Makampuni yakakata rufaa, hukumu ikatenguliwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwishowe familia ikaacha. Kila mara utetezi ulikuwa ule ule wa barazani kwetu, isipokuwa ulisemwa kwa Kiingereza na watu waliovaa suti za bei kubwa: alijitakia.

Kilichovunja ukuta huo ni wazo dogo. Mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Mississippi, Mike Moore, alishtaki kwa niaba ya jimbo lenyewe. Hakudai kwa ajili ya mvutaji. Alidai fedha ambazo jimbo lilikuwa limezitumia kuwatibu maskini waliougua kwa sababu ya sigara. Hapo utetezi wa zamani ukakosa pa kushika, maana jimbo la Mississippi halikuwahi kuvuta hata sigara moja. Mlipa kodi hakujitakia. Majimbo mengine yakafuata, na mwezi wa Novemba 1998 majimbo 46 yakafikia mapatano na makampuni makubwa: dola bilioni 206 katika miaka 25, pamoja na kuondolewa kwa mabango ya barabarani na matangazo yaliyolenga watoto.

Mimi sivutiwi sana na hizo bilioni. Ninavutiwa na jimbo la Minnesota, lililomaliza kesi yake peke yake mwezi wa Mei mwaka huo huo na ambalo mbali na fedha lilidai kabati lifunguliwe. Makampuni yakalazimika kuweka nyaraka zao za siri mahali ambapo umma unaweza kuzisoma, mamilioni kwa mamilioni ya kurasa, zikiwemo za BAT zilizotunzwa katika ghala moja mjini Guildford, Uingereza.

Nawaombeni mkae kidogo hapo Guildford, kwa sababu ndani ya ghala lile tulikuwamo na sisi. Watafiti waliochambua nyaraka hizo walichapisha mwaka 2007 makala kuhusu BAT nchini Kenya, katika jarida la kitaaluma liitwalo Tobacco Control. Walieleza habari ya kanuni za mwaka 1994 zilizowafunga wakulima wa tumbaku wa Kenya wamuuzie tu yule aliyeingia nao mkataba, wakati BAT ilipokuwa ikipoteza wakulima kwa mshindani wake Mastermind. Na kutoka ndani ya nyaraka za kampuni yenyewe wakatoa maneno ya kukiri kwamba sheria ile hasa waliiandika wao, ingawa serikali yastahili pongezi kwa busara yake.

Mkulima wa Migori alidhani anafuata sheria ya nchi yake. Hakuambiwa na mbunge wake wala na waziri, na hakuambiwa na gazeti. Aliyetufichulia ni kesi iliyofunguliwa upande wa pili wa dunia, katika jimbo lenye theluji, na watu waliokuwa wakidai gharama za hospitali zao wenyewe. Tulipata ukweli wetu kama mtu anayeokota chenji iliyoangushwa na mwingine. Ndiyo maana siwezi kumwelewa anayesema kwamba kesi ni mambo ya Wamarekani.

Na si kweli kwamba sisi hatuna kesi za sigara. Tunazo. Tofauti ni nani aliyeshtaki.

Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Tarehe 5 Desemba 2014 Waziri wa Afya akachapisha kanuni za kuitekeleza: picha za maonyo kwenye pakiti, masharti ya mikutano kati ya maofisa wa serikali na makampuni ya sigara, wajibu wa kampuni kueleza kilichomo ndani ya bidhaa yake, na mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa uingie katika mfuko wa kudhibiti tumbaku. Zilipaswa kuanza mwezi wa Juni 2015.

Kabla hazijaanza, BAT Kenya ilikwenda Mahakama Kuu. Ilidai wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Ilidai mchango ule ni kodi iliyojificha. Ilidai inabaguliwa, na kwamba haki zake za kikatiba zimevunjwa. Kanuni zikasimamishwa kusubiri kesi. Tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliyatupilia mbali karibu madai yote, lakini akatoa miezi sita zaidi ya kujiandaa. Kampuni ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikashindwa Februari 2017. Ikaenda Mahakama ya Juu, ikashindwa tarehe 26 Novemba 2019.

Wengi walishangilia. Mimi pia nilishangilia, na ninawaheshimu mawakili wa serikali na wanaharakati wa Kenya Tobacco Control Alliance waliosimama imara mpaka mwisho. Lakini baada ya kushangilia nilichukua kalenda nikahesabu. Kuanzia kanuni kutangazwa hadi hukumu ya mwisho ni siku 1,817. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 Desemba ile ya 2014 alikuwa ameshafika miaka 18, umri wa kuuziwa sigara kihalali, hukumu ya mwisho iliposomwa. Kampuni ilishindwa mara tatu, na katika muda wote huo wa kushindwa iliendelea kuuza. Picha za maonyo peke yake zilicheleweshwa kwa zaidi ya mwaka.

Na sisi tulishinda nini? Tulishinda ruhusa ya kutekeleza sheria tuliyokuwa tumeshaitunga. Hatukupata fidia ya mgonjwa hata mmoja. Hakuna kabati lililofunguliwa. Hakuna mkurugenzi aliyeulizwa kampuni yake ilijua nini na lini. Mtu akikuzuia mlangoni kwako kwa miaka mitano, kisha hakimu akamwambia apishe, huo si ushindi mkubwa. Umeingia tu nyumbani kwako.

Uganda yalikuwa hayo hayo: Bunge likatunga sheria mwaka 2015, BAT Uganda ikaipinga, Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi Mei 2019. Uruguay, nchi yenye watu chini ya milioni nne, ilishtakiwa na Philip Morris mwaka 2010 mbele ya baraza la usuluhishi wa uwekezaji kwa sababu ya masharti yake kuhusu pakiti, yakiwemo maonyo makubwa. Ikashinda Julai 2016, na kampuni ikaamriwa iilipe dola milioni 7 za gharama. Ni habari njema, ila tazama ni miaka sita. Fikiria pia ni nchi ngapi maskini zilizokuwa zikitazama kesi ile na kuacha rasimu zao za sheria mezani, zikisubiri kuona mwenzao atafanywa nini. Mwenye nguvu mpishe, tumefundishwa tangu utotoni.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa.

La kwanza ni kwamba majaji hawakuchaguliwa na mtu, kwa hiyo sera ya afya iachiwe Bunge. Hoja nzuri, ila imechelewa. Bunge liliamua mwaka 2007. Walioliburuta suala hili mahakamani ni wao. Mtu hawezi kuutumia mlango miaka mitano kisha akatwambia sisi haufai kupitia.

La pili ni wakulima na ajira. Nami ninawajali wakulima, na ndiyo maana nataka nikumbushe kwamba Desemba 2020 familia za wakulima wa tumbaku wa Malawi, watu kwa maelfu, wakiwemo watoto, walifungua kesi London dhidi ya BAT na Imperial, wakidai kwamba makampuni yamejitajirisha kwa jasho lao lisilolipwa ipasavyo. Makampuni yaliyakana madai hayo. Lakini basi asitokee mtu wa kumtumia mkulima kama ngao, wakati wakulima wenyewe walishakwenda mahakamani.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu lina ukweli. Wanasema: Wamarekani walipata mabilioni, wakayafanyia nini? Ni kweli. Sehemu kubwa ya fedha za mapatano ya 1998 majimbo yaliziingiza katika bajeti za kawaida, barabara na madeni, na kiasi kidogo tu ndicho kilichokwenda kuwasaidia watu kuacha sigara. Kwetu, tunavyojuana, hali ingeweza kuwa mbaya zaidi. Sina jibu la kupendeza. Nina hili tu: amri ya mahakama inaweza kuandika fedha ziende wapi, zisimamiwe na nani, na ripoti isomwe kila lini. Kuogopa mwizi si sababu ya kumsamehe mdaiwa.

Na hata ushindi huwa na miguu mizito. Jaji Gladys Kessler wa Washington alitoa hukumu Agosti 2006 kwamba makampuni ya sigara yalikula njama ya kuwadanganya Wamarekani kwa miongo kadhaa, akayaamuru yatangaze ukweli kwa maneno yatakayoidhinishwa na mahakama. Matangazo hayo yalianza kuonekana Novemba 2017. Miaka kumi na moja ya kubishana juu ya maneno ya kukiri! Lakini yalionekana. Ami yangu alikufa mwaka huo huo, na sijawahi kusikia tangazo kama hilo kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tufanye nini? Njia zipo. Uganda, kikundi kidogo cha mazingira kiitwacho TEAN, pamoja na wakili Phillip Karugaba, kilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2001 kudai kwamba moshi wa sigara katika maeneo ya umma unavunja haki ya mtu ya mazingira safi. Hawakusubiri wizara. Desemba 2002 mahakama ikakubaliana nao, na mwaka 2004 kanuni zikatoka. Kesi hiyo ilikuja kabla ya Sheria ya Kenya, kabla hata ya mkataba wa dunia kuanza kutumika.

Katiba ya Kenya ya 2010 imetupa silaha bora kuliko waliyokuwa nayo wale Waganda. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya wengine wasioweza, na kwa maslahi ya umma. Kifungu cha 43 kinataja haki ya afya, na cha 46 haki ya mtumiaji kupewa habari anazozihitaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote iwapo anazihitaji ili kuilinda haki yake. Mtu mwingine yeyote! Kabati la kampuni limo katika maneno hayo. Na kifungu cha 19 cha mkataba tulioridhia mwaka 2004 kinazungumzia wazi uwajibikaji wa makampuni ya tumbaku mbele ya sheria, pamoja na fidia. Mwanasheria Mkuu ameshaonyesha kwamba anaweza kujitetea dhidi yao hadi mahakama ya mwisho. Basi safari hii atangulie yeye.

Akiuliza ushahidi wa gharama, aanzie popote. Aanzie kwa mke wa ami yangu. Ana kopo la biskuti chini ya kitanda, na ndani yake zimo risiti zote: vipimo, nauli za Nairobi, mionzi, dawa za maumivu, mipira ya kulishia, na karatasi ya mauzo ya mashua. Tulichanga ndugu na majirani, wale wale wa barazani, na hakuna hata mmoja wao aliyemwuzia ami sigara wala kupata faida yake. Mississippi ilikuwa na risiti zake. Sisi pia tunazo.

Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda kilicho karibu na shule ya mtaa wetu. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba dirishani, mahali mkono wa mtoto unapofika. Sheria ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini mvulana aliyevaa sare alinunua moja mbele yangu, akawasha, akaondoka. Pakiti ilibaki ndani, pamoja na ile picha iliyopiganiwa hadi Mahakama ya Juu. Hakuiona.

Nilipofika barazani nilimkuta yule mzee, nikamsimulia. Akatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unataka kulisema lile neno. Nikamuwahi. "Mzee wangu," nikamwambia, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenzako mlimhukumu siku ya mazishi yake, wala hamkumwita shahidi hata mmoja. Huyu mtoto tusimhukumu kabla hatujawaita waliomuuzia."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kesi kama hiyo hufunguliwa wapi.